Mgonjwa Si Mfungwa: Mahakama na Haki ya Afya Nchini Kenya



Agosti 2010, mjini Kapsabet, wagonjwa wa kifua kikuu walifikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuacha kumeza dawa. Hakimu akaamuru wakae gerezani miezi minane, au hadi wamalize matibabu. Amri hiyo iliegemea kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, kinachoruhusu mtu aliyekumbana na maambukizi ya ugonjwa wa kuambukiza atengwe. Lakini kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa akilazwa katika seli iliyofurika, kikohozi chake cha usiku huwafikia wafungwa wenzake na askari jela, nao askari hurudi kwa watoto wao asubuhi. Umma uliokusudiwa kulindwa ndio uliotiwa hatarini. Mahakama Kuu ya Eldoret iliwaachilia baada ya siku 46.

Wakiwa bado gerezani, tarehe 27 Agosti, Kenya ilizindua Katiba mpya. Ibara ya 43, inayompa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, inajulikana sana. Mimi huanza kufundisha na Ibara ya 22: mtu anaweza kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kujisimamia, au kwa maslahi ya umma, wala hatozwi ada ya kufungua shauri hilo. Kisha Ibara ya 20: Serikali ikidai haina fedha za kutimiza haki kama ile ya afya, ni juu yake kuthibitisha. Maskini anahitaji Ibara hizi mbili kabla ya kunufaika na ile ya 43.

Wawili kati ya wagonjwa hao, pamoja na KELIN, shirika linalotetea haki za afya, walifungua shauri Nairobi. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu cha 27 hakiruhusu kumtia mgonjwa gerezani, na kwamba kufanya hivyo kunavunja Katiba. Akaiagiza pia Serikali iandae, ndani ya siku 90, sera ya kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu inayoheshimu haki zao.

Kwangu mimi, agizo hili la pili ndilo zito zaidi. Tamko la kwanza linawarudishia heshima waliofungwa. Sera inamfikia muuguzi wa zahanati aliyeketi na daftari lenye jina la mtu ambaye hajaonekana wiki mbili. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi sita au zaidi. Pengine mtu huyo amekosa nauli, au vidonge vinamsokota tumbo kwa kuwa hajala. Anahitaji mhudumu wa afya wa kijijini abishe hodi kwake, si polisi.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi wa sheria, msiridhike na ushindi wa kusomewa hukumu. Tangu siku ya kwanza ombeni amri za muda, maana aliye selini hawezi kungoja miaka sita. Ombeni pia Serikali irudi mahakamani na hati ya kiapo kueleza ilichotekeleza, na tarehe hiyo ikifika, muwepo.