Kiharusi cha Ugwe Mgongo: Mbwa Anapopooza Ghafla



Najua wapo walioshangaa kwamba leo nazungumzia mbwa. Katika Uasin Gishu, kaunti ya mahindi na maziwa, daktari wa mifugo hutarajiwa azungumzie ng'ombe. Lakini Eldoret, iliyotangazwa kuwa jiji Agosti 2024, imejaa mageti, na nyuma ya mageti hayo wamefugwa mbwa wakubwa wa ulinzi. Ugonjwa wa leo huwapata sana mbwa wa namna hiyo: wenye miili mikubwa, wenye afya, wa umri wa makamo.

Huanza hivi. Mbwa anakimbia, anaruka, au anacheza na mwenzake. Mara analia kwa sauti kali. Dakika chache baadaye miguu ya nyuma haimbebi, na mara nyingi upande mmoja umelegea kuliko wa pili. Saa kadhaa zikipita, maumivu yamekwisha: ukimbonyeza mgongo hashtuki, anakula, anakutazama kwa macho makavu. Hali yaweza kuzidi siku ya kwanza, lakini saa 24 zikishapita, kwa kawaida haizidi tena. Kutoumwa huko ndiko kunakotufanya tushuku kwamba si diski iliyochomoza na kuubana ugwe mgongo, kwa kuwa mbwa wa diski mara nyingi huendelea kulia kila akiguswa.

Kumetokea nini? Kati ya pingili na pingili kuna diski, na katikati ya diski mna kiini laini chenye asili ya gegedu. Kipande kidogo cha kiini hicho huingia katika mshipa wa damu unaoulisha ugwe mgongo, kikauziba, kama chembe ya mchanga inavyoziba pua ya pampu ya kunyunyizia dawa ya kupe. Sehemu ya ugwe iliyokosa damu hufa. Ndiyo maana nikauita kiharusi.

Hapa pana fumbo ambalo binafsi hulipenda kuliko sehemu nyingine zote za somo hili. Diski ya mnyama mzima karibu haina mishipa ya damu. Kiini chake kinafikaje ndani ya ateri? Wako wasemao kwamba diski iliyoanza kuchakaa huota mishipa mipya. Wengine hutaja mishipa ya utotoni isiyotoweka. Wengine tena husema kiini husukumwa kwanza ndani ya mfupa wa pingili, kikapenya kwenye vena, kisha shinikizo la kifua wakati wa kujikaza likakirudisha nyuma. Kila nadharia ina pengo lake. Wala si fumbo la mbwa peke yake: mwaka 1961 madaktari walichapisha kisa cha kijana aliyeanguka akicheza mpira wa kikapu, akafa kwa kuzibwa hivyo hivyo.

Uthibitisho kamili hupatikana kwa darubini baada ya mnyama kufa. Aliye hai tunamhukumu kwa kuondoa magonjwa mengine, na picha ya MRI ikipatikana husaidia sana. Kwa mfugaji wa Moiben au Turbo, MRI ni habari ya mbali. Mikono na macho ya daktari ndiyo yatakayofanya kazi.

Na katika nchi hii, cha kwanza kuondolewa shakani ni kichaa cha mbwa. Kenya imekuwa na rekodi za ugonjwa huo tangu 1912, na mpango wa taifa unalenga kukomesha vifo vya binadamu kufikia 2030. Watu wengi wanamjua mbwa mkali anayeuma ovyo. Wasiyemjua ni yule anayepooza kimyakimya: taya limelegea, mate yanadondoka, sauti imebadilika, hawezi kumeza, na udhaifu unazidi kila siku. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono kinywani. Tafadhali, msitie mkono. Mwiteni daktari, na aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kupata chanjo. Sumu za dawa ya kupe nazo huangusha mbwa, lakini mara nyingi kwa kutetemeka na kutoa mate.

Hayo yakishaondolewa, swali kubwa ni moja: mbwa anahisi? Daktari hubana kidole cha mguu kwa nguvu. Kuvuta mguu tu hakutoshi, hiyo ni hisia-rejea ya ugwe wenyewe. Tunataka ageuze kichwa, alie, au ajaribu kuuma. Akifanya hivyo, matumaini ni makubwa. Asipohisi kabisa, matumaini hupungua sana, na ni haki mwenye mbwa aambiwe waziwazi.

Dawa ya kuzibua mshipa huo hatuna. Sindano za steroidi zinazopendwa sana hazijathibitishwa kumsaidia mbwa huyu. Kinachomsaidia ni uuguzi: matandiko mazito na makavu, kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda, kumkamua kibofu ikiwa hawezi kukojoa, kumnyoosha na kumkanda miguu, kumsimamisha kwa gunia lililopitishwa chini ya tumbo. Ni kazi ya kuchosha, na kwa mbwa wa kilo 40 ni kazi ya watu wawili.

Wengi wa watakaopona huanza kuonyesha nafuu ndani ya wiki 2 za kwanza. Lakini mbwa wengi huuawa kwa sindano siku ya pili, kwa sababu mwenye mbwa ameona miguu imekufa na hakuna aliyembana kidole. Kwa hiyo ombi langu kwenu, na kwa madaktari wenzangu hasa: mbwa aliyechanjwa dhidi ya kichaa, asiye na maumivu, anayekula, na anayehisi kubanwa, msimwue kabla wiki 2 hazijaisha.