Jogoo wa Shukrani: Krismasi ya Familia Changa Bujora

(Maneno yaliyosemwa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili, katika semina ya maandalizi ya Majilio.)



 

Tumeombwa kuzungumza juu ya familia changa katika msimu wa Krismasi. Tungeweza kuwasomea taarifa ya vifurushi vilivyogawiwa mwaka hadi mwaka, nanyi mngepiga makofi, tukaenda kunywa chai. Lakini tumeona ni vema tuwasimulie habari za familia moja tu, na kosa moja ambalo sisi wenyewe wa ofisi tulilifanya. Kosa hilo limetufundisha kuliko semina nyingi tulizohudhuria.

Desemba ya Bujora

Wageni wengi wanaifahamu Bujora kwa ajili ya Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko pale kilimani, kilometa zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini, jirani na Kisesa kwenye barabara iendayo Musoma. Kazi ile ilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambaye wenyeji walimwita Fumbuka. Ndugu zetu Wakatoliki wanasali pale katika kanisa lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi wa Juni, hufanyika Bulabo, mashindano makubwa ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu.

Anayekuja wakati wa Bulabo anawakuta watu wa Bujora wakiwa ni wenyeji hasa. Wanacheza, wanapika, wanapokea wageni. Mavuno yameingia na pamba imeanza kuuzwa, hivyo mkononi kuna fedha kidogo.

Krismasi nayo inatukuta katika hali nyingine kabisa. Desemba ni mwezi wa jembe. Pamba inapandwa, mahindi yanasubiri palizi, na gunia la mavuno yaliyopita linaelekea chini. Nyumba nyingi asubuhi wanakula michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa tangu kiangazi. Na nyuma ya Krismasi, siku chache tu, inakuja Januari na shule zake. Hivyo basi, mzazi kijana anapoanza kuhesabu siku za Majilio, anahesabu na mambo mengine: nguo za sikukuu za watoto, mchele, sadaka, daftari, viatu.

Familia tunayoisimulia

Tunaizungumzia Krismasi ya mwaka 2015. Wengi mtaukumbuka mwaka ule, kwa kuwa tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, nchi nzima tulishika mafagio tukafanya usafi.

Katika mtaa wetu mmoja upande ule wa Bujora palikuwa na familia changa, baba na mama wote chini ya miaka thelathini. Majina yao hatutayataja, na sababu mtaiona. Baba alikuwa dereva wa bodaboda. Pikipiki haikuwa yake, na kila jioni alipeleka hesabu kwa tajiri wake. Mama alikuwa akienda Mwaloni Kirumba kununua dagaa na kuwauza kwa vipimo sokoni Kisesa. Watoto walikuwa watatu. Binti mkubwa alitazamiwa kuanza darasa la kwanza Januari. Mdogo alikuwa bado mgongoni, na wazazi walikuwa wamemwandikisha kubatizwa siku ya pili ya Krismasi.

Sasa ninyi wa kandokando ya Ziwa mnajua habari za dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mwaka huo mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Desemba yenyewe. Ilipendeza sana kutoka kwenye ibada ya mkesha njia yote ikiwa nyeupe. Lakini kwa mama yule mbalamwezi hiyo ilikuwa na maana ya wiki nzima bila biashara, tena wiki ambayo kila mama anahitaji fedha.

Pamoja na hayo, nyumba ile ilikuwa imejiandaa. Tangu Oktoba walikuwa wanafuga jogoo, na walikuwa wamesema: huyu haliwi wala hauzwi, huyu ni wa shukrani siku ya ubatizo. Binti yao alikuwa amekariri mistari ya Injili ya Luka sura ya pili, aiseme mbele ya kanisa pamoja na watoto wenzake wa shule ya Jumapili. Mwalimu wao alituambia kwamba mtoto huyo aliijua kuliko wote.

Kosa letu

Mwaka huo ofisi yetu ilipata msaada wa vifurushi vya Krismasi: mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni, kitenge na nguo za watoto. Tuliziomba sharika zituletee majina ya familia zenye uhitaji. Majina yakaja. Jumapili ya nne ya Majilio, tarehe 20 Desemba, orodha ikasomwa wakati wa matangazo, na waliotajwa wakaombwa wasikose ibada ya Krismasi, ambapo wangeitwa mbele kupokea na kupigwa picha. Picha zilikuwa za jarida hili hili.

Tulifanya kwa nia njema. Hata hivyo familia ile ilikuwa kwenye orodha.

Siku ya Krismasi tuliita jina la mama. Hakuitika. Tukasema labda mtoto anaumwa. Watoto wa shule ya Jumapili walisema mistari yao, na pale pa binti yule mwalimu akamweka mwingine aliyesahau katikati. Kesho yake ubatizo ulifanyika, na mtoto wao hakuletwa.

Jumapili tarehe 27, baada ya ibada, tukaenda nyumbani kwao na mwinjilisti na mzee mmoja wa kanisa, tumebeba kifurushi. Tukiri kwamba njiani tulikuwa tunajisikia vizuri. Tuliona kwamba tunamfuata kondoo mmoja.

Mama alitupokea kwa heshima zote, akapiga goti, akatupa viti, akaleta maji ya kunywa. Kifurushi tulikiweka chini, hakukitazama. Baada ya maombi mzee wa kanisa akamwuliza, "Mwanangu, mbona hatukuwaona sikukuu?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Baba zangu, msinichukie. Jumapili ile majina yaliposomwa, binti yangu aliniuliza, 'Mama, siku ya Krismasi mimi nitasimama mbele kusema mistari, au kupokea mchele?' Nilikosa jibu."

Akaendelea, "Na huyu jogoo tulikuwa tumemweka awe shukrani. Nilijiuliza nitampitishaje madhabahuni, halafu watu wale wale wanione kwenye mstari wa wasio na kitu. Watasema tumewadanganya, ama kwenye jogoo, ama kwenye mchele."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alisema jambo moja tu: "Orodha iliandikwa jina la mama watoto peke yake. Mimi nipo."

Hatukuwa na la kujibu. Mwinjilisti aliomba msamaha kwa niaba yetu sote, nasi tukaitikia. Kifurushi tuliondoka nacho, kwa sababu mama alisema tukimpe bibi mmoja jirani ambaye mvua ilikuwa imemwangushia nyumba. Tulimpelekea jioni hiyo hiyo, bila picha.

Familia ile nyingine

Usiku ule tulirudi katika Luka sura ya pili, sura ile ile aliyoikariri mtoto. Kila Krismasi tunahubiri juu ya hori na wachungaji, kisha tunafunga kitabu. Lakini sura inaendelea. Yusufu na Mariamu, familia changa, wako safarini, hawana nafasi katika nyumba ya wageni. Siku zao zilipotimia wanampeleka mtoto Yerusalemu, nao wanatoa sadaka ya ndege wawili. Walawi sura ya 12 inatueleza kwamba hiyo ndiyo sadaka ya mzazi asiyemudu mwana-kondoo.

Kumbe Torati ilimpa maskini nafasi ya kutoa. Haikumwambia akae pembeni apokee. Ilimpangia sadaka inayolingana na mkono wake, na hekalu likaipokea. Sisi tulikuwa tumeifanyia familia moja ya Bujora kinyume chake: tuliwawekea mchele mkononi, jogoo wao akabaki amefungwa nyumbani.

Tulichobadilisha

Ndugu wajumbe, toba bila matendo haifai. Baada ya kukaa na wazee na akina mama wa mitaa tulikubaliana mambo manne.

Kwanza, hakuna orodha ya wahitaji inayosomwa kanisani. Wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wanazifahamu nyumba zao, nao hupeleka msaada jioni. Nyumba yenye baba na mama huandikwa kwa majina yote mawili.

Pili, msaada mkubwa tuliuhamisha kutoka Krismasi kwenda Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Mnakumbuka kwamba Januari 2016 ndipo elimu bila ada ilipoanza hadi kidato cha nne. Tulimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sare, viatu, daftari na begi vilibaki juu ya mzazi, na mtoto asiye na sare huona aibu kwenda. Sasa vitambaa tunanunua Kisesa na sare zinashonwa na mafundi cherehani wa hapo hapo, ili fedha izunguke kijijini.

Tatu, tulihimiza vikundi vya kuweka na kukopa vianze mzunguko wao Juni, wakati pamba inauzwa, na kuvunja katikati ya Desemba. Hapa tuseme ukweli wote. Mara ya kwanza tulipovunja, wanachama kadhaa walimaliza fedha yote kwenye nguo na soda za sikukuu, na wiki ya pili ya Januari walikuwa mlangoni kwetu. Vikundi vyenyewe vikatunga kanuni: kila mwanachama aache sehemu ya fedha yake ndani ya sanduku hadi shule zifunguliwe. Kanuni hiyo haikutoka ofisini. Ilitoka kwa akina mama wauza dagaa, ambao wamezoea kuweka akiba ya siku za mbalamwezi.

Nne, hatupigi picha ya mtu anapokea. Tukipiga, tunampiga akifanya kazi yake au akimtolea Mungu, naye akiwa amekubali.

Jambo hili la nne lilitugharimu. Wapo marafiki waliotuandikia kuuliza kwa nini jarida halina tena picha za watoto na vifurushi, na mwaka uliofuata baadhi ya michango ilipungua. Hatuwalaumu, ni sisi tuliowazoesha. Tuliwajibu kwa barua ndefu, na wengi walielewa.

Jumapili ya ubatizo

Mtasema, je, familia ile? Jumapili tarehe 10 Januari 2016 waliingia kanisani wote watano. Mtoto alibatizwa. Binti, ambaye wiki hiyo alikuwa anaanza darasa la kwanza, aliombwa na mchungaji aseme mistari yake. Krismasi ilikuwa imepita wiki mbili, lakini aliisema yote bila kukwama, na watu wakapiga vigelegele. Kisha baba na mama wakapita mbele na jogoo.

Baada ya ibada jogoo akanadiwa nje, chini ya mti. Mnada ulichangamka. Mzee yule aliyekwenda nasi tarehe 27 ndiye aliyemnunua, kwa bei ambayo hakuna jogoo wa Kisesa aliyewahi kuifikia, na alipoulizwa kama atamrudisha kwa wenyewe akasema, "Sirudishi, hii ni sadaka ya watu, nakwenda kumla." Mama alicheka sana.

Maombi yetu kwenu

Wajumbe wa kamati, Majilio haya mkikaa kupanga, msianze na swali la nani hana. Anzeni na swali la kila nyumba italeta nini mbele za Bwana, hata kama ni kipimo cha dagaa au fungu la viazi. Ratiba ya sadaka za Desemba nayo iangalieni: michango mitatu katika mwezi mmoja wa palizi ni mizigo, na familia changa ndizo zinazoanza kujificha.

Marafiki wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wote. Tunaomba mtuvumilie zawadi zenu zinapomfikia mtoto Januari badala ya tarehe 25 Desemba, na bila picha. Na mkipata nafasi, njoni Juni. Njoni wakati wa Bulabo, mkaribishwe na watu hawa wakiwa wenyeji, mle walichovuna. Kisha mkiwaona Desemba wameinamia jembe, mtakuwa mnawajua.

Bwana aibariki Krismasi ya kila nyumba.