Kocha, Yule wa Mwisho Kuchaguliwa



Leo nazungumza na makocha wa hapa Goma, Kongo. Sisemi na wale wa vilabu vikubwa peke yao. Nasema nawe unayekusanya watoto jioni kwenye uwanja wa shule, wewe unayefundisha karate katika chumba cha mbao, wewe unayewaongoza vijana na akina mama katika mbio za alfajiri wakiimba barabarani. Wengi wenu hamlipwi hata faranga, na bado mnakuja. Kwa sababu hiyo nawaambia wazi jambo linaloniuma: tunawapoteza watoto kwa ulimi wetu. Mtoto anakosa pasi, anatukanwa mbele ya wenzake. Anachelewa kwa sababu alitumwa maji, anapigishwa pompe, yaani pushapu, hadi mikono inatetemeka. Kesho yake haji, nasi tunasema hakuwa na moyo wa mchezo.

Sikilizeni habari ya ndugu zetu wawili wa Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika. Vita viliwatenganisha na familia zao wangali wadogo, wakafika Kinshasa, na huko wakajifunza judo. Walikuwa na kipaji, wakavaa rangi za taifa. Lakini Misenga amesimulia kwamba aliposhindwa pambano alifungiwa siku kadhaa, akipewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 timu ilipelekwa Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia. Wawili hao hawakurudi. Waliomba hifadhi Brazil.

Huko walipokelewa na kocha mzee, Geraldo Bernardes, ambaye alikuwa amewafundisha watoto wa mitaa ya maskini kwa miaka mingi. Alieleza kwamba mwanzoni walipigana kwa ukali mno, hata mazoezini, hata na wenzao wa kujifunza nao. Si ajabu. Mtu aliyezoea kufungiwa akishindwa hawezi kuona mazoezi kuwa mazoezi. Kila anguko kwake ni adhabu inayokuja. Ikabidi wafundishwe upya kwamba kuanguka mbele ya mwenzako ni sehemu ya kujifunza. Agosti 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, wote wawili walikuwa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi. Mabika alitolewa katika pambano lake la kwanza. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wakati huo. Ushindi mmoja, ndiyo. Lakini ukumbi ulimshangilia, na safari hii aliposhindwa hakuna aliyemfungia mlango.

Tuseme sasa kuhusu mwili, maana hapa Goma jambo hili lina uzito wake. Mtu akikimbia, moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka. Mtu akiogopa, mwili wake hufanya vivyo hivyo. Kwa aliyekulia mahali pa amani, tofauti ni rahisi kuitambua. Lakini watoto wetu walisikia risasi na mabomu vita vilipoingia mjini Januari 2025, wakalala chini ya vitanda. Wengine wamehamahama kambi hadi kambi. Wengine walikimbia moto wa volkano ya Nyiragongo usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mtoto wa namna hiyo, moyo ukianza kwenda mbio uwanjani, ubongo wake waweza kudhani hatari imerudi. Anaganda, au analia, au anamrukia mwenzake kwa ngumi. Ukimwita mwoga au mkorofi, umeongeza hofu juu ya hofu.

Fanya hivi badala yake. Mwambie mapema: tutakimbia, moyo utadunda, kisha tutapumzika na utatulia. Mwache aanze polepole. Usipulize filimbi nyuma ya mgongo wake. Mpe ruhusa ya kutoka pembeni na kurudi bila kuulizwa mbele ya watu. Na adhabu ya pompe, ndugu zangu, tuiache kabisa. Inamfundisha mtoto kuchukia mazoezi yenyewe. Kwa kijana aliyewahi kuwa kadogo, yaani mtoto askari, katika kundi la silaha, mstari ule na makelele yale yanamrudisha msituni.

Najua jibu la wengi: kocha mpole hashindi. Basi tuangalie waliopima. Ronald Smith na Frank Smoll, wanasaikolojia wa chuo kikuu cha Washington kule Marekani, waliwafuatilia makocha wa watoto wa besiboli. Baadhi ya makocha walipewa mafunzo mafupi, ya saa chache tu: sifu juhudi, mtie moyo aliyekosea na umwonyeshe namna ya kusahihisha, acha kuadhibu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1992 yalionyesha kwamba msimu uliofuata, kwa makocha wasiofundishwa, watoto 26 katika kila 100 waliacha mchezo. Kwa waliofundishwa, waliacha 5. Na mechi? Timu zao zilishinda sawasawa na nyingine. Jambo jingine walilogundua ndilo linalonigusa zaidi: watoto wanaojiona hawana thamani ndio wanaobadilishwa sana na maneno ya kocha, kwa wema au kwa ubaya.

Wala upole si ulegevu. Goma inamjua Balezi Bagunda, bondia tuliyemzoea kwa jina la Kibomango. Alikuwa mtoto askari, akapoteza jicho moja, kisha akawa kocha wa ngumi hapa mjini, akiwafundisha wavulana na wasichana, wakiwemo waliotoka kwenye makundi ya silaha na waliolala mitaani. Ngumi ni mchezo mgumu, wenye sheria na jasho jingi. Lakini kijana aliyeingia kwake aliona mtu aliyejua alikotoka. Kuaminiwa kwanza, kazi ngumu baadaye: utaratibu huo unafaa hata kwenye mpira wa miguu.

Na tuwahesabu wasiokuwepo uwanjani. Msichana hayupo kwa sababu saa ya mazoezi ni saa ya kuchota maji na kupika. Ukimuuliza mama yake saa inayofaa, huenda akaja. Kijana wa magongo amekaa ukutani akitazama, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anaweza nini. Hapa Goma kituo cha Shirika la Umoja kimewasaidia watu wengi kusimama tena kwa miguu ya bandia. Aliyesimama anataka pia kucheza. Muulize yeye mwenyewe, usimpangie kwa huruma. Mama mnene amejaribu mara moja kufika kwenye ukumbi wa mazoezi, akachekwa, akarudi nyumbani. Mama huyo anabeba bidoni la lita 20 juu ya mawe ya volkano kila siku. Nguvu anazo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia karibu, na kumwacha aanze kwa kiasi chake.

Kocha wangu wa Goma, nakuomba jambo moja wiki hii. Fikiria mtoto mmoja aliyeacha kuja. Nenda kwao, msalimie mama yake, mwambie mtoto kwamba nafasi yake ipo. Ikiwa ulimtukana, muombe radhi mbele ya mzazi; heshima yako haitapungua. Siku akirudi, mwite kwa jina na umpe kazi anayoiweza. Nanyi wazazi, mkimwona kocha anampiga mtoto, msinyamaze. Mwendeeni baada ya mazoezi, mzungumze naye kwa heshima, na asiposikia, mwondoeni mtoto mikononi mwake, mkamtafutie kocha mwingine.