Mtaji wa siku 14

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, jiji la tano nchini Kenya. Kwa msichana anayefungua saluni au kibanda cha mitumba, hadhi hiyo hailipi kodi ya pango. Anatafuta mtaji, na ulio karibu zaidi umo kwenye simu yake: Hazina ya Hustler ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 2022, inakopesha kuanzia shilingi 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka.

Riba ni nafuu, ila tazama muda. Mkopo wa mtu binafsi hurudishwa ndani ya siku 14. Muuza maziwa au sukuma wiki atazimudu, maana bidhaa yake huisha jioni. Anayenunua cherehani kwa pesa hizo anajitafutia taabu. Huyo afadhali aende Hazina ya Uwezo, nayo ya serikali, akiwa na kikundi kilichosajiliwa. Huko hakuna riba, ila ada ya usimamizi.

Zabuni nazo zipo: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ingawa malipo, tunajua, huchelewa.

Dada msikilizaji, kabla ya kukopa, hesabu kwanza bidhaa yako inauzika kwa siku ngapi.