Nani Anastahili Ruzuku? Vigezo vya Kufadhili Miradi ya Kawi Jadidifu kwa Mtazamo wa Kimuka, Kajiado

1. Utangulizi



Sisi wa Kimuka tunaishi kando ya umeme. Kwenye Vilima vya Ngong, mitambo ya upepo ilianza kuzunguka mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, na leo kituo hicho cha kampuni ya KenGen kina uwezo wa megawati 25.5. Upande wa kusini, mitambo 60 ya upepo ya Kipeto ilianza kuuza umeme mwaka 2021, ikiwa na uwezo wa megawati 100. Hata hivyo, yako maboma yanayoiona mitambo hiyo mchana na kuwasha tochi usiku. Vikundi vyetu vinapoomba ruzuku ya sola kwa ajili ya kisima, zahanati au shule, jibu la kawaida ni kwamba havikutimiza vigezo.

Hoja yangu ni kwamba vigezo hivyo ni vya namna mbili. Vipo vinavyomlinda mwananchi, na hivyo vikazwe. Vipo vinavyomrahisishia mfadhili kazi ya kuchuja maombi, na hivyo vilegezwe. Mara nyingi mambo yamekwenda kinyume, kikundi kidogo kikakaziwa karatasi na mradi mkubwa ukalegezewa suala la ardhi.

2. Kigezo cha mpaka wa kaunti

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa KOSAP, wa kupeleka sola na gridi ndogo mahali ambapo nyaya za taifa hazijafika. Kaunti 14 zilichaguliwa. Jirani yetu Narok imo, Kajiado haimo. Orodha hiyo ilifuata kaunti ambazo Tume ya Ugavi wa Mapato ilikuwa imezitambua kuwa zimeachwa nyuma.

Sababu ya Kajiado kuachwa inaeleweka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kajiado, na sehemu kubwa yao wako Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na Kiserian. Ukichukua wastani wa kaunti nzima, taa za Rongai zinaficha giza la maboma ya Kajiado Magharibi. Mama anayeishi upande wetu wa mpaka ana shida ileile ya mwenzake wa upande wa Narok, lakini mmoja anahesabiwa na mwingine hahesabiwi.

Tume yenyewe iliona kasoro hiyo. Sera yake ya pili, ya 2018, iliacha kutazama kaunti nzima ikashuka hadi maeneo madogo. Wafadhili wa kawi wafuate njia hiyo.

3. Kigezo cha karatasi na mchango

Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioanzishwa 2010, hupima ombi kwa mambo sita: matokeo yanayotarajiwa, uwezo wa kuleta mabadiliko ya kudumu, manufaa ya maendeleo, mahitaji ya walengwa, umiliki wa nchi husika, na ufanisi wa matumizi. Ni vipimo vizuri. Ila kikundi cha kijiji hakiwezi kubisha hodi huko moja kwa moja. Lazima kipitie taasisi iliyoidhinishwa, kwa mfano mamlaka ya mazingira, NEMA, au benki ya KCB hapa nchini, na taasisi hizo hushughulikia miradi mikubwa.

Mlango ulio karibu nasi zaidi ni Mpango wa Ruzuku Ndogo unaosimamiwa na UNDP, ambao kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Huu hupokea vikundi vya kijamii, na huhesabu nguvu kazi na vifaa kuwa mchango wa jamii. Hilo ni jambo la kuigwa. Mfadhili anayedai fedha taslimu benki haijui akiba ya mfugaji. Akiba yetu hutembea kwa miguu minne, na ukame wa 2020 hadi 2023 uliimaliza katika maboma mengi. Kikundi kilichopoteza mifugo kilihitaji pampu ya sola kuliko wakati mwingine wowote, na wakati huohuo kilikuwa kimepungukiwa na uwezo wa kutoa mchango huo.

Hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa nazo hufunga mlango. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inaruhusu watu kumi kusajili kikundi. Kikundi cha aina hiyo kipimwe kwa kumbukumbu za mikutano, daftari la michango na taarifa ya benki, na ruzuku ya kwanza iwe ndogo. Kikiitumia vizuri, hiyo ndiyo sifa ya kuombea kubwa zaidi.

4. Kigezo kisicholegezwa: ardhi na ridhaa

Hapa naomba tuwe wakali. Mradi wa upepo wa Kinangop, Nyandarua, uliopangwa kuzalisha megawati 60.8, ulikuwa umepata wafadhili, lakini wakazi waliupinga kwa sababu ya ardhi, ukavunjika mwaka 2016. Ule wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, ulijengwa ukakamilika. Hata hivyo, Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ekari 150,000 zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria.

Kipeto ilikwenda kwa njia nyingine. Wenye ardhi waliingia mikataba ya kukodisha, na kwa kuwa wafadhili walidai viwango vya kimataifa vya mazingira, mradi uliweka waangalizi wa kusimamisha mitambo tai wanapokaribia. Vigezo hivyo havikuuzuia mradi kukamilika.

Kwa vikundi vidogo, suala la ardhi lina sura nyingine. Ranchi za vikundi zimegawanywa, na hatimiliki nyingi zimeandikwa jina la mwanamume mmoja. Kikundi cha kina mama kinachimba kisima katika shamba la mtu, kisha mfadhili anauliza hati. Asilegeze swali hilo, kwa maana shamba likiuzwa, sola na kisima vinakwenda nalo. Jawabu ni mkataba wa kukodi wa muda mrefu, wenye idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi na ridhaa ya mke, uliosajiliwa kabla ya ombi kuandikwa.

5. Mapendekezo

Kwa wafadhili:
(a) Mahitaji yapimwe kwa kata ndogo au kijiji, si kwa wastani wa kaunti.
(b) Nguvu kazi, mawe, mchanga na mifugo vithaminiwe kuwa mchango.
(c) Ruzuku zitolewe kwa ngazi, na kila ngazi iwe na karatasi zinazolingana na ukubwa wake.
(d) Pasiwe na mradi utakaofadhiliwa bila ridhaa ya wenye ardhi iliyotolewa barazani na kuandikwa.

Kwa serikali ya kaunti: Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti kutayarisha mpango wa kawi. Mpango wa Kajiado utaje vijiji visivyo na umeme kwa majina, ili mwombaji awe na ushahidi rasmi wa kuambatisha.

Kwa vikundi vyetu: tusajili kikundi, tuandike kumbukumbu, tusajili mkataba wa eneo, tutumie fundi wa sola mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, na tuanze sasa kuweka akiba ya kubadilisha betri. Sheria hiyohiyo ya Kawi haidai leseni kwa anayezalisha umeme wa matumizi yake usiozidi megawati moja, kwa hiyo woga wa leseni ya uzalishaji usituzuie.

6. Hitimisho

Haki ya kupata umeme isitegemee upande wa mpaka ambao boma limejengwa, wala ustadi wa kujaza fomu. Naomba semina hii iteue kamati itakayoandika mapendekezo haya kwa barua, iyafikishe kwa afisa wa kawi wa kaunti na kwa wafadhili, na irudi barazani kutueleza ilichojibiwa.