Tundu Lilikuwa Langu: Hotuba kwa Wanachama na Wanafunzi, Zagayu



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya kompyuta. Nitasema juu ya kosa langu.

Mwaka 2017 nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika ofisi moja mjini. Tarehe 14 Machi kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika programu endeshi ya Windows. Tundu hilo lilikuwa katika sehemu inayowezesha kompyuta kupeana mafaili na kutumia printa moja kwa njia ya mtandao. Aliyelijua aliweza kutuma ujumbe wa hila na kuitawala kompyuta akiwa mbali. Mimi nikasema nitakiweka mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, na wa pili pia.

Ijumaa, tarehe 12 Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kikaenea katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Jumatatu tulipofungua ofisi, mafaili yetu yalikuwa yamefungwa, na kila kioo kilidai dola 300. Hesabu za mishahara zikapotea.

Wakubwa wakamshika karani kijana, eti amefungua barua mbaya. Akasimamishwa kazi. Lakini mimi nilijua kwamba kirusi kile hakikuhitaji mtu afungue kitu chochote. Kiliingia chenyewe kwa tundu lile, kikahama toka kompyuta hii hadi ile. Nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne nikaenda kwa mkuu, nikamwambia kuwa tundu lilikuwa langu. Kijana akarudi kazini. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na barua yake ninayo hadi leo.

Ndugu zangu, sisi wa huku tunalijua boma la ng'ombe. Fisi akiingia usiku, hatumlaumu ndama aliyelala karibu na pengo. Tunamwuliza yule aliyeliona pengo jioni, kisha akaenda kulala.

Wanafunzi, kesho ninyi ndio mtakaotunza kumbukumbu za watu. Kiraka kikitolewa, kiwekeni mapema. Wekeni nakala ya mafaili mahali pasipounganishwa na mtandao. Na mkikosea, semeni siku ile ile, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wenu.