Nani Anapandisha Bei ya Petroli?

(Mazungumzo katika mkutano wa kijiji)

Ninyi vijana wa pikipiki mliosimama kule nyuma! Sogeeni, maana habari hii ni yenu kwanza.

Mwezi uliopita mama mmoja hapa kwetu alishikwa na uchungu usiku. Kijana wa bodaboda alikuwa tayari kumpeleka kituo cha afya, lakini tangi lilikuwa tupu. Mwenye chupa za petroli akapandisha bei papo hapo. Tukachangishana. Mama alijifungua salama, lakini mimi sikulala.

Tanzania haichimbi mafuta. Tunayanunua nje kwa dola, yanashushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Bei ya dunia ikipanda, au dola ikipanda, nasi tunalipa zaidi. Halafu kuna kodi, faida ya wafanyabiashara, na gharama ya lori mpaka huku. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, lita moja ilipita shilingi 3,000, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Hilo halikuwa kosa la mwenye chupa wetu.

Lakini mengine ni ya hapa hapa. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei kikomo maana yake ni kwamba hapo ndipo mwisho. Mwenye kituo anaweza kuuza chini yake. Akiuza juu yake, ni kosa. Kila wilaya ina bei yake kwa sababu ya umbali, kwa hiyo usigombane na mtu kwa bei ya Dar es Salaam uliyoisikia redioni.

Sasa jamani, mmeona mambo ya kule barabara kuu? Jumanne, eti mafuta yamekwisha. Jumatano bei mpya imepanda, na pampu zinafanya kazi! Yameingia saa ngapi? Kuficha mafuta ni kosa, na mwaka 2023 EWURA ilivifungia vituo kadhaa kwa sababu hiyo.

Na bei ikishuka, mwenye chupa anasema, "Haya niliyanunua zamani." Ikipanda, hana ya zamani hata tone. Nilimwuliza, akacheka.

Tuchukue mfano. Kituoni lita ni shilingi 3,000, chupa ni 4,000. Kijana anayetumia lita 3 kwa siku anapoteza shilingi 3,000. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 78,000. Hapo bado hatujaipima hiyo chupa kama imejaa lita. Wala sijasema habari ya moto, petroli inalala ndani pamoja na watoto na kibatari.

Mwenye simu, hata ya tochi, abonyeze *152*00# na kufuata maelekezo, atasoma bei ya wilaya yetu. Kituoni dai risiti. Ukiuziwa zaidi, lete risiti hiyo ofisini, tutaandika barua pamoja.

Mwalimu wa kisomo amekubali kuandika bei ubaoni, nje ya ofisi ya kijiji, kila Jumatano ya kwanza. Mwenye chupa naye yuko hapa, ameketi chini ya mwembe. Ndugu yangu, simama utuambie unanunua kwa bei gani.